Kijana wa Ofisi Tano

Mwanamume wa miaka arobaini na sita akipigiwa simu na sauti ya kike inayomwambia, "Kijana wetu, kesho usikose," mke wake ana haki ya kuacha alichokishika na kusikiliza. Mimi nilikuwa nimeshika kichwa cha mtu. Nikakiacha kimesukwa nusu, nikasogea dirishani na kitana mkononi, nikatega sikio. Wala halikuwa jambo la kutegea sana, maana simu ya mume wangu imeharibika spika na inapayuka mtaa mzima. Fundi huyo, anatengeneza feni na pasi za watu hapo barazani, lakini simu yake mwenyewe hajaigusa.

"Nitakosaje?" akajibu, simu ameibana kati ya bega na shavu. "Mimi tena!"

Halafu akacheka. Kicheko laini, cha chini chini, ambacho mara ya mwisho nilikisikia kabla hajanioa. Mimi tena! Mtu ambaye ukimwomba akusogezee ndoo ya maji anakwambia mgongo.

"Dada, kichwa changu," mteja akalalamika kutoka kwenye kiti.

"Subiri," nikamwambia. "Kuna jambo hapa."

Unaweza kusema nina wivu. Sema tu, wameshasema wengi. Mimi najijua ni mtu wa kushuku, na sioni aibu. Mtu akinisalimia kwa furaha kupita kiasi najiuliza anataka nini. Muuza mafuta ya nywele akinipunguzia bei nalinusa kopo kwanza. Kushuku kumenifikisha hapa nilipo, na saluni yangu haijawahi kuibiwa hata kibanio.

Basi huyo mume wangu anaitwa Kijana. Si jina alilopewa na mama yake, lakini ndilo linalotumika. Wazee wanamwita Kijana, watoto wanamwita Kijana, na mwenye duka la pembeni, ambaye tulihudhuria arobaini yake alipozaliwa, naye anapita anasema, "Habari za asubuhi, Kijana." Alianza kuitwa hivyo zamani akiwa kijana kweli, anasomea ufundi wa umeme, wakamchagua kuwa mwakilishi wa vijana kwenye kamati sijui gani. Cheti hakupata. Mimi nilimkuta tayari hana cheti ila ana jina, nikaolewa navyo hivyo hivyo.

Na mikono anayo, tusimwonee. Feni iliyokufa, ambayo wengine wameshaikatia tamaa, yeye anaifungua, anainusa waya, anagusa hapa, anachomelea pale, inazunguka. Tatizo lake ni moja, hayupo. Mtu analeta pasi asubuhi, anarudi jioni anaikuta palepale, skrubu zimepangwa kwenye kifuniko cha mkebe, mwenyewe yuko kikaoni.

"Kikao cha nini?" ninamuuliza.

"Cha vijana."

"Na wewe unakwenda kufanya nini?"

"Nawawakilisha."

Nilishauliza kama kuna posho. Hakuna. Kuna soda na biskuti. Biskuti nilikuwa naziona, maana anarudi nazo mbili mfukoni, amezifunga kwenye karatasi laini, anampa binti yetu kama vile bado anatambaa. Sasa niambie, mtu mzima anapiga shati pasi, anajipulizia manukato, anaacha kazi za watu barazani, kwa ajili ya biskuti? Hapo ndipo machale yaliponicheza.

Huyo binti ni mtoto wetu wa pekee, na alikuwa na shida yake moja kubwa. Alikuwa anarudia mtihani wa mwisho wa sekondari. Mara ya kwanza alianguka, na sababu naijua vizuri. Nyumba yetu ina vyumba viwili, na cha mbele ndicho saluni. Mashine ya kukaushia nywele inanguruma, huyu anacheka, yule anamsema wifi yake, na mtoto yuko nyuma ya pazia anakariri kemia na vidole masikioni. Mtaani tuna maktaba nzuri, ina meza ndefu na ukimya wa kutosha, lakini inafungwa saa kumi, saa ileile wanafunzi wanatoka shule. Alichotaka binti yangu ni hicho tu, maktaba ifunguliwe mpaka saa mbili usiku. Na shule walishamwambia wazi kwamba mtihani unarudiwa mara moja. Akianguka tena, habari ya kusoma imekwisha, atakuja kushika kitana kama mama yake. Mimi kazi yangu naiheshimu, lakini yeye anataka kuwa mfamasia, na nilikuwa nasikia vibaya moyoni kila nikiona vidole vile masikioni.

Akamwendea baba yake.

"Baba, si unakaa na mkutubi kwenye vikao?"

"Nakaa naye meza moja."

"Basi mwambie wafungue jioni."

"Nitalifikisha."

Wiki zikaenda. Binti akiuliza, anaambiwa limepokelewa. Akiuliza tena, linafanyiwa kazi. Akiuliza tena, liko mezani.

"Mezani kwa nani, baba?"

Baba mtu akakohoa, akainama kutafuta skrubu ambayo haikuwa imeanguka.

Nikamwangalia vile, nikajiambia, huyu ananificha kitu. Mtu anayekaa meza moja na wenye funguo, muhula unapita, muhula mwingine unaingia, na mlango haufunguki, ama hakai nao ama wakikaa wanafanya mengine. Alipoingia kuoga nikaichukua simu yake. Ndiyo, niliichukua, na ningeichukua tena. Nikakuta Maktaba. Nikakuta Zahanati. Nikakuta Chuo, Kituo, Uwanja. Majina ya watu hakuna, ila langu, nalo ameliandika "Nyumbani". Nani ana rafiki anayeitwa Uwanja? Nimekaa saluni muda wa kutosha kujua wanaume wanavyohifadhi namba. Kuna mteja wangu aligundua "Fundi Bomba" wa mumewe ana sauti nzuri kuliko yake.

Nikabonyeza Zahanati. Ikaita mara moja tu.

"Eee, kijana wetu!" Sauti ya mwanamke, imejaa asali. "Nilikuwa nakuwaza sasa hivi!"

Nikakata. Nikairudisha simu palepale nilipoitoa.

Siku ya pili nilimsimulia mteja niliyemwamini, yule anayeniletea habari zote za mtaa. Akageuka na kichwa chake chote, nywele zikanichomoka mikononi.

"Watano, mwenzangu? Na mgongo ule?"

"Ndicho ninachojiuliza."

"Usimwulize," akanishauri. "Ukimwuliza atajipanga. Mfuate."

Sikusubiri sana. Jumanne moja simu ya mume wangu ikalia mlio wa ujumbe, ikalia tena, ikalia tena. Tano mfululizo. Alikuwa na feni ya watu mapajani. Akasoma, na uso wake ukabadilika. Akasoma tena toka mwanzo, akaiweka feni chini polepole.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Kikao."

"Jumbe tano, kikao kimoja?"

"Vimegongana," akasema, na sauti haikuwa yake. "Siku ileile, saa ileile. Wote wanataka niende."

"Kina nani wote?"

"Wote," akasema, akaingia ndani kutafuta shati.

Wamejuana! Ndivyo nilivyowaza, nakwambia ukweli wa Mungu. Wale wanawake watano wamegundua kila mmoja ana mwenzake, wamekutana, wamekula njama, wamemwita aje ajieleze. Nikamtazama anavyolipiga shati lile pasi mara mbili, jasho linamtoka, nikapata hasira na wakati huohuo nikamwonea huruma kidogo. Halafu huruma ikaisha.

Siku ilipofika nikafunga saluni, nikamwambia binti yangu avae viatu.

"Tunakwenda wapi?"

"Kumfuata baba yako. Wewe ndiye shahidi wangu."

Nilitegemea abishe. Hakubisha. Akachukua begi lake la shule, akasema, "Twende. Na mimi nina langu la kumuuliza." Kumbe tulikuwa wawili tunaomshuku, kila mtu kwa lake.

Tukamfuata kwa mbali, tukijificha nyuma ya mabanda na magari yaliyoegeshwa, mimi nimejitanda kitambaa usoni kana kwamba mtaa mzima haunijui. "Shikamoo mama saluni," mtoto mmoja akanisalimia, nikamkata jicho. Mume wangu hakugeuka. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye ukumbi wa baraza la mtaa, akapangusa viatu nyuma ya suruali, akaingia. Mlangoni wamebandika karatasi: KIKAO CHA KWANZA CHA PAMOJA, HUDUMA ZETU NA VIJANA WETU.

"Mama," binti akaninong'oneza, "hawa ni ofisi."

"Kaa kimya. Hata ofisini watu wanafanya mambo."

Tukaingia, tukakaa nyuma kabisa, ukutani, kwenye viti vya wasikilizaji ambavyo havikuwa na msikilizaji hata mmoja. Mbele kulikuwa na meza kubwa iliyounganishwa kwa meza kadhaa. Upande mmoja wamekaa wakubwa wa huduma za mtaa wetu: muuguzi mkuu wa zahanati, mkutubi, mkuu wa chuo cha ufundi, mkuu wa kituo cha polisi na msimamizi wa uwanja wa michezo. Upande wa pili kulikuwa na viti vitano vitupu, na mbele ya kila kiti kikaratasi kimekunjwa kisimame. Kijana, Zahanati. Kijana, Maktaba. Kijana, Chuo. Kijana, Kituo. Kijana, Uwanja.

Mume wangu alikuwa amesimama mbele ya viti vile. Akakisogelea cha kwanza, akasita. Akaenda cha tatu, akakishika mgongo, akakiachia. Nimeishi na mtu huyu toka ujana wangu na sijawahi kumwona akiangalia kiti namna ile.

"Kijana wetu, huku!" Muuguzi mkuu akamwita, na mimi nikaitambua ile sauti ya asali. Alikuwa mama mzima, mnene, ana miwani, anaweza kuwa dada yangu mkubwa.

"Hapana, huyo ni wa kwetu," mkutubi akasema akitabasamu. "Kijana, njoo kaa."

"Samahanini," akasema mkuu wa chuo. "Huyu mbona ni mwakilishi wetu sisi?"

Mkuu wa kituo akavua kofia, akaivaa tena. Msimamizi wa uwanja akaanza kusoma dari.

Aliyekuwa akiongoza kikao ni mratibu mpya, mwanadada mfupi aliyehamishiwa mtaani kwetu hivi karibuni. Kazi yake ilikuwa kuziketisha hizi ofisi pamoja, maana miaka yote kila moja ilikuwa inafanya lake, na kila moja inaandika kwamba imewashirikisha vijana. Akaangalia viti vitano. Akamwangalia mume wangu. Akaangalia mlango.

"Wengine wako njiani?" akauliza.

Wakubwa wakaangaliana.

"Naomba nielewe. Mwakilishi wa vijana zahanati ni nani?"

Muuguzi akanyoosha kidole kwa mume wangu.

"Maktaba?"

Kidole. Chuo, kidole. Kituo, kidole. Uwanja, kidole, huku bado anasoma dari.

Nikasikia kicheko kinanipanda kifuani, kikakwama njiani, maana nilimwona mume wangu shingo inavyozama kwenye kola ya shati. Hakukuwa na mwanamke. Hakukuwa na hata nusu mwanamke. Kulikuwa na ofisi tano ambazo hazikuwahi kuongea, na kila moja imejipatia kijana wake, na kijana mwenyewe ni mmoja, ana mvi, na ni wangu.

"Mlimpataje?" mratibu akauliza.

"Mimi nilimkuta," akasema mkuu wa chuo, amekasirika kama vile ameuziwa mbuzi kwenye gunia. "Aliyenitangulia alinikabidhi funguo, gari bovu na yeye."

"Anafika kwa wakati," muuguzi akamtetea. "Hapigi kelele. Anajua utaratibu. Hao wengine ukiwaita wanakuja na maswali."

"Kaka," mratibu akamgeukia mume wangu kwa upole, "una miaka mingapi?"

"Nimezidi kidogo," mume wangu akasema, akaketi ukingoni mwa kiti kilichokuwa karibu.

Hapo ndipo binti yangu aliposimama. Sikumtuma. Begi bado liko mgongoni, sauti inatetemeka kidogo mwanzoni.

"Samahanini. Mimi nina miaka kumi na nane. Nilitaka kuuliza kwa nini maktaba inafungwa saa kumi, na kama kuna mtu amewahi kuomba ifunguliwe jioni."

Mkutubi akamtazama, akamtazama mume wangu. "Mwakilishi wenu alilisema. Nikamwambia siwezi, mlinzi wangu anaondoka saa kumi. Nikamwomba awatulize vijana. Akaniambia wametulia."

"Sijatulia," binti akasema. "Ninasoma nyuma ya mashine ya kukaushia nywele."

Na mimi hapo ndipo niliposhikwa na hasira ya kweli. Wametulia! Angekuwa na mwanamke ningejua la kufanya. Huyu amemtuliza mtoto wangu bila mtoto kujua.

Mkuu wa chuo akakunja uso. "Mlinzi? Mimi nina mlinzi anakesha. Kibanda chake kinatazamana na mlango wako, ni seng'enge tu katikati."

"Sikujua," mkutubi akasema.

"Hukuuliza."

"Na kile kichochoro cha kwenda maktaba ni giza," akasema mkuu wa kituo. "Watoto wa kike wapite pale saa mbili? Siruhusu."

"Giza kwa sababu sisi tunazima taa ya ukutani tukifunga," akasema muuguzi. "Ni swichi tu. Tunaweza kuiacha."

Mkuu wa kituo akasema kama taa itawaka, askari wake wanaweza kupita pale badala ya barabara kubwa. Msimamizi wa uwanja akashusha macho kutoka darini, akasema hata yeye anaweza kuchelewa kufunga geti la pili la uwanja, watoto wakatize hapo. Maongezi yote hayo hayakuchukua muda wa kusuka nusu kichwa. Mkutubi akasema sawa, tuanze wiki ijayo, mpaka saa mbili. Binti yangu akaweka mkono mdomoni. Mimi machozi yalinitoka na sikuyafuta.

"Baba," binti akamgeukia. "Ulikuwa unakaa na wote hawa. Ulikuwa unayajua yote haya?"

"Nilikuwa najua," mume wangu akasema.

"Sasa?"

"Kila mmoja aliniambia kwa wakati wake. Mlinzi, giza, taa. Na kila mmoja akaniambia nitulie, wanalifanyia kazi." Akalamba midomo. "Nikazoea kutulia."

Ningependa nikuambie yaliishia hapo, watu wakanywa soda wakaenda nyumbani. Lakini mimi nilikuwa nawaangalia wale wakubwa, na nikaona jambo ambalo halikunipendeza. Walikuwa wanamwangalia binti yangu na wanatabasamu. Wote watano. Tabasamu lilelile. Muuguzi alikuwa ameshatoa simu.

"Umeongea vizuri sana, binti. Nipe namba yako. Sisi tunakaa Jumatatu jioni, usikose."

"Na sisi Jumanne," akasema mkuu wa chuo. "Kijana wa aina hii ndiye tuliyekuwa tunamtafuta."

"Jumatano kituoni," akasema mkuu wa kituo. "Tutakupa hata kofia."

Na mwanangu, ambaye dakika chache nyuma alikuwa anatetemeka, alikuwa amesimama wima, mashavu yamemjaa, anazitaja namba za simu moja moja kwa sauti. Jumatatu jioni, Jumanne jioni, Jumatano jioni. Ndizo jioni zilezile alizotoka kuzipigania sasa hivi. Nilitaka kupiga kelele. Lakini utawaambia nini watu wanaomsifu mwanao?

Kiti kikasukumwa nyuma kwa kishindo. Mume wangu alikuwa amesimama.

"Mwacheni," akasema.

Wakamtazama. Nadhani hawakuwahi kumsikia akisema neno lisilokuwa na "ndiyo" ndani yake.

"Mwacheni huyu. Mimi mlinianza hivi hivi." Sauti ilikuwa juu, haina adabu ya vikao. "Nilisimama chuoni nikasema mashine zimeharibika, tunajifunza kwa picha. Mkanipigia makofi. Mkaniambia umeongea vizuri, njoo Jumatano. Vipindi vyetu vya vitendo vilikuwa Jumatano! Nikaja. Halafu zahanati wakasikia, wakaniita. Halafu kituo. Kila mtu alikuwa ananipenda. Mashine zilitengenezwa, mimi sikuzigusa hata siku moja, nilikuwa huku nawawakilisha watakaozigusa. Mtihani wa vitendo nikaingia sijui hata pa kuanzia." Akageuka, akanitafuta kule ukutani, na kumbe alijua tangu mwanzo kwamba nipo. "Sijawahi kumwambia mtu. Hata mke wangu."

Nilimwangalia mtu niliyelala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo, nimempekua simu, nimenusa mashati yake, na hili sikuwahi kulishuku. Nilimwonea uchungu.

"Lakini, kijana," muuguzi akaanza, kwa ile sauti yake, "sisi tulikuwa tunataka tu—"

"Mimi si kijana," akasema mume wangu. "Mimi ni baba yake."

Mratibu akaweka kalamu chini. Binti yangu alikuwa anamwangalia baba yake, na uso wake ulikuwa unabadilika badilika, sijui alikuwa anataka kulia au kumkumbatia. Halafu akamgeukia muuguzi.

"Namba yangu ifuteni, mama. Mimi nitakuja maktaba, kwa ajili ya maktaba tu, na si siku za mtihani. Nyinyi vijana wenu wamejaa pale kwenye dirisha la dawa kila asubuhi, waulizeni. Na nyinyi," akamwambia msimamizi wa uwanja, "wenu wako nje ya geti, wanachungulia."

Akavuta kiti chenye karatasi ya Maktaba, akakaa.

Mratibu akamwambia mume wangu, kwa heshima, kwamba wazazi wanakaribishwa kusikiliza, viti vyao viko kule nyuma. Akaja. Njia kutoka meza ile mpaka ukutani si ndefu, lakini alitembea kama mtu aliyetoka hospitalini. Akakaa kando yangu. Akaweka mikono magotini.

Mbele kule wakaanza kupanga siku ya kufungua. Mratibu akauliza, "Vijana wanasemaje, Jumatatu au Jumanne?"

Mkono wa mume wangu ukanyanyuka wenyewe juu, vidole vimenyooka. Nikaushika, nikaushusha taratibu mpaka mapajani, nikaushikilia hapo, na tukasubiri mtoto ajibu.